Damu Haina Uzito wa Kupunguzwa: Inavyoganda, na Kila Dawa Inagusa Wapi

Ukitaka kuona damu ikiganda huhitaji mashine. Mtu aliyeumwa na nyoka hupimwa hivi katika vituo visivyo na maabara kubwa: muuguzi anavuta mililita 2 za damu kutoka mshipani, anaimimina kwenye chupa ya kioo safi na kavu, anaisimamisha mezani na kutazama saa. Kwa dakika 20 haiguswi wala haitikiswi. Kisha anaiinamisha mara moja tu. Damu ya mtu asiye na tatizo itakuwa imeshikana kama jeli. Ikitiririka kama ilivyoingia, basi sumu ya nyoka imezimaliza protini za kugandisha damu, kama wanavyofanya nyoka wadogo wa jamii ya Echis walioko kaskazini mwa Kenya, na mgonjwa anahitaji dawa ya kuvunja sumu hiyo bila kuchelewa.

Kipimo hiki kina masharti mawili ambayo watu huyaruka. Chupa lazima iwe ya kioo, kwa kuwa uso wa kioo ndio unaoamsha kuganda. Plastiki haifanyi kazi hiyo sawasawa. Tena isiwe imeoshwa kwa sabuni. Utando mwembamba wa sabuni unaobaki ndani unaweza kuizuia damu nzima kabisa isigande, na mtu asiye na sumu akatundikiwa dripu asiyoihitaji.

Kinachoonekana ndani ya chupa ile ndicho msingi wa habari yote hii. Dakika 20 kabla, damu ileile ilikuwa ikizunguka mwilini ikiwa na kila kitu kinachohitajika ili igande, na haikuganda. Kuganda huwashwa, na kuna vitu vinavyozima kuganda huko. Dawa tunazozizungumzia hapa, za kuzuia au kuvunja mabonge ya damu, huingilia kati kwenye swichi hizo, kila moja mahali pake.

Mitaani, na hata wodini, dawa zote hizi zimepewa jina moja: dawa za kulainisha damu, au za kupunguza uzito wa damu, au za kuyeyusha. Jina hilo limewaponza wengi. Damu ya anayemeza warfarini ina uzito uleule wa jana. Kilichobadilika ni muda inaochukua kuganda. Warfarini haiyeyushi bonge lolote. Aspirini haishiki nafasi ya warfarini. Na mtu aliyeambiwa kijiweni kwamba "damu yake ni nzito" akaanza kumeza aspirini kila siku amejiongezea hatari ya kutokwa damu tumboni kwa sababu ambayo huenda haipo.

Kizibo kwanza, wavu baadaye

Mshipa ukikatwa, kwanza unajikaza wenyewe. Chini ya utando wake wa ndani kuna kolajeni, ambayo kwa kawaida damu haikutani nayo. Ikifunuliwa, chembe sahani zinaing'ang'ania. Chembe hizi, ambazo kwenye majibu ya maabara huandikwa pleteleti, ni vipande vya seli visivyo na kiini, kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu, na kila kimoja huishi siku 7 hadi 10. Zikishanasa hubadilika umbo na kumwaga kemikali za kuwaita wenzao, mojawapo ikiwa thromboksani. Zinarundikana, na katika dakika chache tundu limezibwa.

Kizibo hicho ni cha haraka lakini ni dhaifu. Kinachokikaza ni wavu wa nyuzi za fibrini unaofumwa juu yake na ndani yake. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu na kuziachia zikiwa zimelala. Zimepewa namba za Kirumi kutoka I hadi XIII, ila VI haipo: ilipewa kitu kilichokuja kugundulika kuwa ni namba V ileile ikiwa imeshaamshwa, ikafutwa. Tishu iliyojeruhiwa humwamsha VII, VII humwamsha X, X akisaidiwa na V humgeuza II kuwa thrombini. Thrombini ndiyo inayoikata protini ya fibrinojeni, iliyokuwa imeyeyuka kwenye plazma, ikawa nyuzi. Tena inarudi nyuma kuwaharakisha waliotangulia, ndiyo maana mambo yakishaanza hukimbia. XIII huja mwisho kufunga mafundo ya wavu.

Kama utakumbuka majina mawili tu, kumbuka X na thrombini. Karibu dawa zote za kuzuia kuganda zinawalenga hao wawili.

Breki nazo zipo. Antithrombini huzunguka ikimkamata X na thrombini wanaotoroka nje ya jeraha. Protini C na mwenzake S huwazima V na VIII. Na jeraha likianza kupona, kimeng'enya kiitwacho plazmini hukata wavu kipande kwa kipande. Vipande hivyo ndivyo kipimo cha D-daima (D-dimer) hutafuta: kikiwa chini, kwa mtu ambaye dalili zake hazitii shaka kubwa, bonge kwenye mguu au mapafu karibu halipo, kikiwa juu hakithibitishi kitu, kwa sababu ujauzito, upasuaji, saratani na maambukizi vyote hukipandisha.

Mabonge ya aina mbili

Hapa ndipo maelezo mengi ya haraka hupotoka, kwa hiyo tutulie kidogo.

Ndani ya ateri damu inapita kwa kasi na kwa shinikizo. Bonge la huko kwa kawaida huanzia pale utando wa mafuta uliojijenga ukutani kwa miaka unapopasuka. Chembe sahani zinaliona pasuko lile kama jeraha na kulivamia. Bonge linakuwa jeupejeupe, limejaa chembe sahani. Likiziba ateri ya moyo, hilo ni shambulio la moyo. Likiziba ya ubongo, kiharusi. Kwa kuwa mhusika mkuu ni chembe sahani, dawa yake ya kinga ni ya kuzituliza chembe sahani.

Ndani ya veni damu inapita polepole. Huko bonge huwa jekundu, wavu mkubwa wa fibrini ulionasa chembe nyekundu, na chembe sahani ni wachache. Rudolf Virchow wa Ujerumani anatajwa hadi leo kwa mambo matatu yanayolileta, kutokana na kazi yake ya mwaka 1856: mtiririko kuzorota, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuelekea upande wa kuganda. Mtu aliyevunjika paja na kulazwa wiki 3 anayo yote matatu. Mjamzito na mama aliyejifungua karibuni wana la tatu, na la kwanza pia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, saratani, ugonjwa wa selimundu na maambukizi ya VVU huongeza hatari. Safari ndefu ya kukaa nayo imo: ikizidi saa 4, iwe ya basi au ya ndege, hatari huongezeka takriban maradufu, ingawa kwa mtu mzima wa afya hubaki ndogo, kama mmoja kati ya watu 6,000. Kwenye basi la Dar es Salaam hadi Mwanza, kukanyagakanyaga sakafu kwa visigino na vidole kila nusu saa kunatosha kwa wengi. Aspirini ya safari haina kazi hapo.

Dalili ya bonge la mguuni ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto, mara nyingi kwenye shavu la mguu. Mmoja, si yote miwili. Chukua futi ya fundi nguo, shuka sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, zungusha, soma. Fanya hivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, hiyo ni alama ambayo daktari ataiweka kwenye hesabu yake kabla ya kuagiza ultrasaundi. Usiukande mguu huo kwa mafuta wala kuuchua. Kinachoogopwa ni kipande kukatika, kupanda hadi moyoni na kuziba ateri ya mapafu: pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma mtu akivuta hewa, kukohoa damu, au kuzimia. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Kuna bonge la tatu ambalo watu huliweka kapu lisilo lake. Moyo ukipiga bila mpangilio, chumba cha juu cha kushoto hakijikamui vizuri, damu inatuama na kuganda humo. Bonge likichomoka linakwenda ubongoni. Kwa kuwa limetokana na damu kutuama, tabia yake ni ya bonge la veni ijapokuwa linaua kama la ateri. Mgonjwa wa aina hii aliyepewa aspirini peke yake kwa kuwa "ni salama zaidi" hajakingwa inavyotakiwa, na damu ya tumbo bado inaweza kumtoka.

Dawa za chembe sahani

Aspirini hufunga kabisa kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani. Chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kutengeneza kingine. Imekwisha mpaka ife. Ndiyo maana miligramu 75 hadi 100 kwa siku zinatosha, na ndiyo maana athari haiondoki siku unayoacha bali hufifia kadiri chembe mpya zinavyoingia, kwa siku 7 hivi. Kwenye shambulio la moyo hutolewa miligramu 300, nazo hutafunwa, hazimezwi nzima, ili ziingie damuni upesi. Klopidogreli, miligramu 75 kwa siku, hufunga mlango mwingine wa chembe zilezile. Aliyewekewa kijibomba cha chuma (stenti) cha kuiacha wazi ateri ya moyo hutumia zote mbili kwa miezi kadhaa, na akiacha mapema bila ruhusa kijibomba kinaweza kuziba siku yoyote.

Onyo moja la kwetu: homa ya dengi hushusha chembe sahani, na Dar es Salaam imeshaona milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Homa ikija msimu kama huo, dawa ya maumivu ni parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zibaki dukani mpaka ijulikane ni homa gani. Anayetumia aspirini ya moyo kila siku asiikate mwenyewe wala asiendelee kimya. Amuone daktari siku hiyo.

Heparini

Heparini, iliyotokana na kazi ya Jay McLean na William Howell pale Johns Hopkins, Marekani, kuanzia mwaka 1916, haizuii chochote yenyewe. Inaipa nguvu antithrombini, ile breki ya asili. Inafanya kazi papo hapo, na ndiyo maana hospitali huanza nayo. Kwa dripu huwa uniti 80 kwa kila kilo ya uzito kwa mkupuo, kisha 18 kwa kilo kila saa, huku muda wa damu kuganda ukipimwa. Ikizidi, protamini huiondoa, miligramu 1 kwa kila uniti 100.

Enoksaparini ni heparini iliyokatwakatwa ili iwe fupi. Inachomwa chini ya ngozi, miligramu 1 kwa kilo kila saa 12 kwa tiba, au miligramu 40 mara moja kwa siku kwa kinga, na kwa kawaida haihitaji kipimo cha damu. Figo zikiwa mbovu dozi lazima ishuke. Watu wengi hujichoma wenyewe nyumbani, na makosa ni yaleyale. Sindano iliyokuja na dawa ndani ina kiputo kidogo cha hewa: kama unatumia sindano nzima, usikitoe, kimewekwa ili kisukume tone la mwisho. Chagua ubavu wa tumbo, sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni. Bana ngozi iwe mkunjo, ingiza sindano yote ikiwa wima, sukuma polepole, na usiuachie mkunjo mpaka umetoa sindano. Usisugue. Alama nyingi za bluu tumboni hutokana na kusugua. Kesho choma upande wa pili.

Waislamu wengi huuliza, na wana haki ya kujibiwa waziwazi: heparini na enoksaparini zilizoko madukani kwa kawaida hutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo fondaparinuksi, inayotengenezwa kikemikali bila mnyama, ingawa haipatikani kila mahali na bei yake ni ya juu. Uliza kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya ya kumi.

Kwa mjamzito heparini ndiyo tegemeo kwa sababu haivuki kondo la nyuma. Warfarini huvuka, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kumharibu mtoto mifupa na uso. Mama anayenyonyesha anaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili.

Warfarini, dawa yenye masharti

Miaka ya 1920 ng'ombe wa Dakota Kaskazini, Marekani, na wa Alberta, Kanada, walikuwa wakikatwa pembe na kuvuja damu hadi kufa. Walikuwa wamekula nyasi aina ya klova tamu zilizooza ghalani. Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitoa kiini chake, na kutokana nacho wakatengeneza dawa iliyopewa jina la taasisi iliyogharimia, WARF. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu. Mgonjwa anayecheka akisikia anakula sumu ya panya hajakosea. Tofauti ni kipimo. Baadhi ya sumu za panya za leo ni ndugu zake zenye kukaa mwilini wiki nyingi, na mtoto aliyezila huweza kuhitaji vitamini K kwa miezi.

Ini linahitaji vitamini K ili kukamilisha protini nne za kugandisha: II, VII, IX na X. Warfarini inazuia vitamini hiyo isitumike tena baada ya kutumika mara moja. Protini mpya zinatoka ini zikiwa pungufu. Zile zilizokwisha toka haziguswi, mpaka zichakae zenyewe: VII huisha nusu kwa saa 6 hivi, lakini II huchukua siku mbili na zaidi. Kwa hiyo kipimo kinaweza kuonekana kizuri siku ya tatu ilhali kinga bado. Mbaya zaidi, protini C, ambayo ni breki, nayo hutegemea vitamini K na huisha mapema. Siku za mwanzo damu inaweza kuelekea kuganda zaidi kuliko kabla. Ndiyo sababu mwenye bonge hupewa heparini na warfarini pamoja kwa angalau siku 5, na heparini haikatwi mpaka INR, kipimo cha muda wa kuganda, ikae 2 au zaidi kwa saa 24. Kuikata mapema ili kuokoa gharama ya sindano mbili ni kosa linalogharimu sana.

INR ni uwiano: damu yako inachukua muda gani kuganda ikilinganishwa na ya kawaida, ambayo ni 1. Kwa wengi lengo ni 2 hadi 3. Kwa mwenye valvu ya moyo ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto, 2.5 hadi 3.5. Chini ya 2 kinga inapungua. Juu ya 4 hatari ya kutokwa damu inapanda kwa kasi.

Kabla ya kuamini namba, tazama chupa. Damu ya INR huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu, chenye sitreti inayoishika kalsiamu ili damu isigande njiani. Uwiano ni sehemu 1 ya sitreti kwa 9 za damu. Kichupa cha kawaida kina mililita 0.3 na hupokea 2.7. Kikijazwa nusu, sitreti inazidi na INR inatoka kubwa kuliko ilivyo. Mgonjwa anapunguziwa dozi kwa kosa la kichupa. Jibu lisiloeleweka lirudiwe kwanza, likiwa na kichupa kilichojaa hadi mstari.

Dozi hubadilishwa kwa wiki, si kwa siku. Tuseme mtu anameza miligramu 5 kila siku, yaani 35 kwa wiki, na INR imekuja 1.6 bila sababu inayoonekana. Nyongeza ya asilimia 5 hadi 10 inatosha: kidonge kimoja na nusu siku ya Jumatano, kimoja siku zilizobaki, jumla 37.5, na kipimo tena baada ya wiki moja au mbili. Anayerukia 10 kila siku atamwona mgonjwa wake tena akiwa anatokwa damu puani. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ikishafika kesho, iache iliyopita, usimeze mbili.

Angalia pia rangi, hasa kwa dawa zinazoletwa na ndugu kutoka ughaibuni. Uingereza kidonge cha waridi ni cha miligramu 5. Marekani cha waridi ni cha miligramu 1. Soma maandishi ya kidonge.

Chakula kimezushiwa hofu isiyo na msingi. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K nyingi, na wagonjwa huambiwa waviache kabisa. Ushauri sahihi ni kula kiasi kilekile wiki kwa wiki. Anayekula mboga za majani mara tano kwa wiki hupangiwa dozi inayolingana na mboga hizo. Akiziacha ghafla INR inapanda, akizirudia inashuka. Pombe ya kupita kiasi na kuharisha kwa siku kadhaa navyo huivuruga.

Dawa nyingine ndizo tishio kubwa, na hizi zimejaa maduka ya dawa kila mtaa. Metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli hupandisha INR ndani ya siku chache. Vidonge vya tumbo vya wiki moja vinatosha kumleta mtu na mkojo mwekundu. Akilazimika kuzitumia, INR ipimwe siku ya 3 hadi ya 5. Diklofenaki haiibadilishi INR sana lakini huchubua tumbo na kuzilemaza chembe sahani, na hapo namba nzuri inakudanganya. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: ini linaichoma warfarini haraka hivi kwamba dozi huhitaji kuongezwa mara mbili, tatu au zaidi. Hatari yake ya pili huja miezi 6 baadaye. Mgonjwa anamaliza dawa za TB, anapongezwa, na hakuna anayemkumbusha kushusha warfarini. Wiki chache baadaye INR inapaa.

INR ikipita 10 na hakuna damu inayotoka, warfarini inasimamishwa na vitamini K ya kunywa, miligramu 2.5 hadi 5, inatolewa. Damu ikitoka kwa wingi, vitamini K miligramu 5 hadi 10 mshipani polepole, pamoja na protini za kugandisha zilizokolezwa au, kama hazipo, plazma iliyohifadhiwa kwenye barafu, mililita 15 hivi kwa kilo. Vitamini K peke yake huchukua saa kadhaa, kwa kuwa ini lazima litengeneze upya.

Vidonge vipya

Rivaroksabani na apiksabani humzuia X moja kwa moja; dabigatrani huzuia thrombini. Zinafanya kazi ndani ya saa chache, hazihitaji INR, mchicha hauzigusi, na kundi hili liliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Kwa bonge la mguu au mapafu, rivaroksabani ni miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja. Apiksabani ni 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili.

Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 imezwe pamoja na chakula. Ya 20 ikimezwa tumbo tupu, kama theluthi yake haiingii. Kwa mfungaji wa Ramadhani, ya mara moja kwa siku huenda vizuri na futari. Apiksabani kwa futari na daku huacha pengo la saa 10 upande mmoja na 14 upande wa pili, jambo la kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Rifampisini huzimaliza hizi nazo, na hapa hakuna INR ya kukuonyesha. Ritonaviri iliyomo kwenye baadhi ya dawa za VVU huipandisha rivaroksabani.

Wapo ambao vidonge vipya si vyao, na Afrika Mashariki wapo wengi. Aliyewekewa valvu ya chuma hatumii: utafiti wa dabigatrani kwa wagonjwa hao ulisimamishwa, na matokeo yake yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha mabonge zaidi na damu kutoka zaidi. Mwenye mitrali iliyobana kwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki naye abaki na warfarini. Utafiti wa INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022 kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulitarajiwa na wengi kuipendelea rivaroksabani. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache zaidi. Kwa hiyo anayekuja na kidonge kipya alichonunuliwa na mwanawe aliyeko ng'ambo, akitaka kuachana na usumbufu wa kupimwa kila mwezi, aulizwe kwanza valvu zake zikoje.

Zinazoyeyusha kweli

Baada ya yote hayo, zimebaki dawa chache zinazostahili jina la kuyeyusha. Zote huamsha plazmini. Warfarini, heparini na vidonge vipya huzuia bonge lisikue, na mwili wenyewe hulikata taratibu kwa wiki na miezi. Ndiyo maana tiba ya bonge la mguu huchukua angalau miezi 3, hata uvimbe ukipungua wiki ya kwanza.

Streptokinesi hutokana na bakteria. Kwa shambulio la moyo hutolewa uniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopita faida hupungua. Shinikizo la damu likishuka katikati, dripu hupunguzwa kasi. Alteplezi ni nakala ya kiamsha plazmini cha mwili wenyewe. Kwa kiharusi ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90. Asilimia 10 kwa mkupuo wa dakika moja, zilizobaki kwa saa nzima, ndani ya saa 4.5 tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyeamka asubuhi amepooza, saa yake inahesabiwa tangu alipolala, isipokuwa hospitali ina vipimo vya picha vya kuonyesha vinginevyo.

Kabla ya hapo lazima ipigwe picha ya CT, kwa kuwa kiharusi cha kuvuja damu kinafanana kwa nje na cha kuziba, na dawa hii kwa anayevuja humuua. Shinikizo liwe chini ya 185/110. Katika utafiti wa mwaka 1995 ulioifungulia dawa hii njia, damu ya ubongo yenye kumzidisha mgonjwa ilitoka kwa asilimia 6.4 ya waliopewa, dhidi ya 0.6 ya wasiopewa. Kwa hiyo ndugu aliyemleta mgonjwa asikasirike akiulizwa mara tatu saa kamili, dawa anazomeza, na kama amefanyiwa upasuaji karibuni.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Mwili uliopewa streptokinesi hutengeneza kingamwili dhidi yake ndani ya siku chache, na dozi ya pili inaweza isifanye kazi au ikaleta mzio. Haitolewi mara mbili kwa mtu mmoja. Hakikisha cheti cha kutoka hospitali kimeandikwa jina la dawa na tarehe, si "alipewa dawa ya kuyeyusha damu", na nakala yake ikae pamoja na kadi ya bima.